Makazi na bandari: Funzo la Kurasini kwa Chapwa

Na Mwandishi Wetu

MALORI mengi ya makontena yanayopita Chapwa, kata iliyoko kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kuingia Tunduma, huwa yamepakia shehena zaidi ya kilomita 900 nyuma, katika Bandari ya Dar es Salaam. Yanaelekea Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kabla ya kuvuka mpaka hulazimika kusubiri.

Tunduma haina bahari, wala haina mto wa kupitisha meli. Hata hivyo, ukiondoa maji, mji huo una kila kinachoifanya bandari iwe bandari: mizigo hukaguliwa, hulipiwa ushuru na kungoja zamu, huku madereva, matingo, mawakala wa forodha, mafundi wa gereji na mama lishe wakiishi kwa kungoja huko.

Ndiyo maana mgogoro unaoisumbua miji mingi ya bandari duniani umefika pia katika mkoa huu wa Songwe. Nao ni huu: ardhi iliyo kando ya mahali pa kazi apewe nani, mwenye nyumba au mwenye shehena?

Swali hilo linazidi kuwa gumu kadiri mji unavyojaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu karibu watu 98,000 katika mji wa Tunduma. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 219,000. Katikati ya sensa hizo mbili, Oktoba 2019, kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kituo hicho hakikuondoa foleni. Shehena nayo iliongezeka, na malori yakaendelea kujipanga kando ya barabara, mbele ya milango ya watu.

Ili kuona mambo haya yanaweza kufikia wapi, inafaa kwenda hadi upande wa pili wa barabara hiyo hiyo, Kurasini.

Mkondo usioongezeka

Bandari ya Dar es Salaam imejificha ndani ya mkondo wa bahari unaoingia nchi kavu kupitia lango jembamba kati ya Magogoni na Kigamboni. Mito ya Kizinga na Mzinga humwaga maji yake katika mkondo huo, na Kurasini ipo ukingoni mwake. Magati ya kwanza ya meli kubwa yalikamilika mwaka 1956. Katika mradi ulioanza mwaka 2017, magati namba 1 hadi 7 yaliimarishwa na kuchimbwa hadi kina cha mita 14.5, na gati la kupakulia magari likajengwa.

Ukingo wenye kina cha namna hiyo ni mali adimu. Nyumba inaweza kujengwa Mbagala, Chanika au Kibaha, na mwenye nyumba akaishi humo vizuri. Gati haliwezi kuhamishiwa Chanika.

Lakini gati peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Kabla ya enzi za kontena, mzigo ulibebwa na makuli kutoka melini hadi ghalani, na ghala lilikuwa hatua chache tu kutoka majini. Kontena limebadili hesabu hiyo. Meli moja hushusha mamia ya makasha kwa muda mfupi, na kila kasha linadai mahali pa kuwekwa, nafasi ya mtambo wa kulinyanyua na njia ya lori la kulichukua. Bandari ya kisasa kwa hiyo huhitaji uwanja mpana sana nyuma ya gati.

Nyuma ya magati ya Dar es Salaam kulikuwa na watu. Kurasini ilikuwa na nyumba za familia, vyumba vya kupanga, vyuo na makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki, yote hayo yakipakana na matangi ya mafuta. Viwanja vya ndani ya bandari vilipojaa, bandari kavu zilichipuka kando ya Barabara ya Mandela na Barabara ya Kilwa, mara nyingi zikitenganishwa na makazi kwa ukuta mmoja tu. Malori yakageuza mitaa ya Temeke kuwa maegesho.

Gharama ya kuchelewa

Serikali iliamua kwamba Kurasini iwe eneo la shughuli za bandari. Miaka ya 2010 wakazi wa Shimo la Udongo walilipwa fidia na nyumba zao zikabomolewa kupisha kituo cha biashara na usafirishaji. Baada ya kubomolewa, eneo hilo lilikaa miaka kadhaa bila kujengwa kilichokusudiwa. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka, na kazi haikuwa imefika.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinaitaja kwa vifungu vyake: thamani ya ardhi na majengo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, faida iliyopotea, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36.

Malipo hayo yote yamepimwa kwa mizani ya mwenye mali. Mpangaji wa chumba kimoja, mwenye genge mbele ya nyumba ya mtu, fundi aliyekodi kibaraza, hao kwa kawaida huondoka na vyombo vyao tu. Katika mtaa unaoishi kwa kutegemea bandari, watu wa namna hiyo ndio wengi.

Hatimaye nchi ililazimika kuisogeza bandari kwenda kwenye nafasi. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa Julai 31, 2025, ili makontena yapelekwe huko kwa reli na malori yachukulie mizigo nje ya jiji. Ni hatua yenye mantiki, ingawa imechukuliwa baada ya kuwapo kilomita nyingi za msongamano.

Mwenye shehena si mshindi kila mahali. Huko Msasani na Kunduchi walioshindwa ni watu wa kazi: wavuvi hupandisha ngalawa zao katika vipande vya ufuko vilivyosalia kati ya kuta za hoteli na za majumba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani au mtoni. Sheria hiyo hulinda ukingo kwa ajili ya mazingira, lakini haitaji ni ufuko upi ubakie wa kupandishia vyombo vya uvuvi.

Thames na Chicago

Miji mingine imejaribu njia tofauti. Jijini London, ambako majumba ya ghorofa yamejipanga kando ya mto Thames, serikali imehifadhi kisheria magati 50 ambayo hayaruhusiwi kugeuzwa makazi kirahisi. Kanuni ya mipango ya jiji hilo inasema aliyekuja baadaye ndiye abebe mzigo: anayejenga nyumba karibu na gati linalofanya kazi ndiye anayegharamia madirisha na kuta za kuzuia kelele.

Chicago ilianza vizuri lakini haikuendelea hivyo. Mwaka 1988 ilitenga eneo la viwanda katika tawi la kaskazini la mto wake, na makazi yakapigwa marufuku humo. Bei ya ardhi ikapanda pande zote, kiwanda kikubwa cha chuma kikahama, na mwaka 2017 jiji likalegeza masharti hayo.

Kanuni ya London, hata hivyo, ikiletwa Chapwa inageuka makali. Tunduma ni nchi ya Wanyamwanga, na mashamba na maboma yalikuwapo kabla ya lami, kabla ya reli ya TAZARA kukamilika katikati ya miaka ya 1970, na muda mrefu kabla ya foleni za leo. Ikiwa aliyekuja baadaye ndiye alipe, basi mara nyingi mdaiwa ni mwenye yadi ya malori: ajenge ukuta, achimbe vyoo vya madereva, aweke mfereji wa maji yenye oili na afungue lango lisiloelekea njia ya wanafunzi. Kwa aliyenunua kiwanja mwaka jana mkabala na yadi iliyokuwapo, hesabu ni tofauti.

Mita 30 zisizotosha

Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Wamiliki wa nyumba wanaifahamu kwa alama za X: nyekundu kwa anayetakiwa kuondoka bila malipo, kijani kwa anayestahili fidia kwa sababu hifadhi ilimfuata alipokuwa, ilipopanuliwa kutoka mita 22.5. Lakini hifadhi hiyo ni ya barabara. Haikuwekwa iwe chumba cha kungojea cha malori yanayokwenda nchi mbili.

Mahali pa kungojea panahitaji kupimwa kama ardhi ya kazi, na pahifadhiwe hivyo kwenye mchoro wa mipango miji kabla viwanja havijauzwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa halmashauri uwezo wa kuandaa mpango wa aina hiyo. Kazi hiyo ina haraka zaidi sasa kwa kuwa mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa dola za Marekani bilioni 1.4 wa kuifufua TAZARA. Shehena ikirudi relini kwa wingi, baadhi ya malori yatapungua, lakini stesheni itadai yadi, maghala na njia zake, na ardhi hiyo itatoka katika mji huu huu.

Kila msingi wa nyumba unaochimbwa leo katika eneo litakalohitajika kesho unaongeza hesabu ya fidia, na hakuna halmashauri yenye fungu la kutosha kwa hilo. Gharama humrudia pia mnunuzi wa kawaida, ambaye huoneshwa mipaka ya kiwanja chake na kusahau kuuliza kuhusu cha jirani. Mchoro wa mipango miji, pale ulipokwisha kuidhinishwa, huonesha matumizi ya kila kiwanja: makazi, biashara, maegesho au maghala. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo ya kuulizwa, na mahali pa kuuliza ni hapo, kabla ya fedha kutoka mfukoni.