Maji Jirani na Timbo: Shilingi 11 kwa Lori

Kufuatilia ubora wa maji ya chini ya ardhi jirani na timbo la kokoto, Kericho au Bomet, hakuwezi kumfilisi mwenye timbo. Tufanye hesabu kwa makadirio. Anayejua bei halisi aziweke zake. Visima 3 na chemichemi 1 vikipelekwa maabara mara 2 kwa mwaka, ni sampuli 8. Kwa Sh6,000 kila moja, jumla ni Sh48,000. Timbo la tani 100 kwa siku, likifanya kazi siku 300, hutoa tani 30,000. Hiyo ni Sh1.60 kwa tani, au Sh11.20 kwa lori la tani 7.

Kupima kina cha maji ni rahisi zaidi. Mpimaji huja alfajiri, kabla watu hawajaanza kuteka. Hupaka chaki kwenye ncha ya utepe wenye kizito, akaushusha kisimani. Utepe ukisomeka mita 15 ukingoni na chaki ikiwa imelowa sentimita 40, maji yako mita 14.60 chini ya ukingo. Visima 3 kila wiki ni vipimo 156 kwa mwaka. Kwa dakika 10 kila kimoja, ni saa 26 tu.

Ugumu uko kwenye kufasiri majibu. Baruti nyingi za matimbo hutengenezwa kwa amoniamu naitreti, na mabaki yake huacha naitreti majini. Lakini hii ni nchi ya chai: mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya NPK 26:5:5 una kilo 13 za naitrojeni, ambayo nayo huweza kuishia majini kama naitreti. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha naitreti kuwa miligramu 10 kwa lita. Kikomo hicho kikivukwa, mwenye timbo atanyoosha kidole kwenye shamba la jirani, na huenda akawa na haki. Ndiyo maana kisima kimoja lazima kiwe upande wa juu wa timbo, kuonyesha maji yalivyo kabla hayajafika timboni. Floraidi nayo, yenye kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, mara nyingi hutoka kwenye miamba ya volkano yenyewe, timbo liwepo lisiwepo.

Shimo la timbo likipita usawa wa maji ya chini ya ardhi, pampu huanza kazi, na visima vya karibu vinaweza kushuka. Ila Desemba hadi Februari visima hushuka vyenyewe kwa kiangazi. Bila vipimo vya mwaka mzima kabla ya kuchimba, mwenye kisima kilichokauka hana cha kuonyesha NEMA, mamlaka ya mazingira, wala Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Vipimo hivyo havinunuliki baadaye kwa bei yoyote, na kwa maoni yangu timbo lisilo navyo halistahili leseni.

Kwa hiyo, ukiitwa barazani kutoa maoni juu ya timbo jipya, usianze na ajira wala barabara. Omba kwanza daftari la kina cha maji la mwaka uliopita.