Kuuza au Kukodisha

Mwaka 2012, Photoshop CS6, programu ya Adobe ya kuhariri picha, iliuzwa dola 699 nchini Marekani. Ukishalipa, ni yako: ukiridhika nayo, waweza kuitumia miaka kumi bila kudaiwa senti. Mwenye toleo la nyuma aliongeza dola 199 tu akapata jipya. Aliyewaumiza kichwa Adobe ni yule aliyekataa hata hizo 199. Picha zake zinatoka vizuri, toleo jipya la nini? Wahandisi wanataka mshahara kila mwezi, ilhali pesa nyingi zinasubiri siku ya uzinduzi. Ndiyo maana programu za kuuzwa hunenepa ovyo: kila toleo lazima liwe na jambo la kutangaza, hata kama hakuna aliyeliomba.

Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba toleo linalofuata, CS7, haliji. Kuanzia hapo ni kulipia kwa mwezi, Photoshop peke yake takriban dola 20 kwa mkataba wa mwaka. Mteja mpya hakuwa na neno, maana ingemchukua karibu miaka mitatu kufikisha zile 699. Aliyezoea kuruka matoleo ndiye aliyebanwa: dola 240 kila mwaka, na akiacha kulipa programu inafungwa, mafaili yake anayo lakini hana cha kuyafungulia. Malalamiko yalikuwa makubwa, na nadhani yalikuwa ya haki.

Kampuni nayo ilionja joto. Faida yake halisi iliporomoka kutoka dola milioni 833 mwaka 2012 hadi milioni 290 mwaka uliofuata, kwa kuwa pesa ya mkupuo ilikuwa imegeuzwa kuwa ya kidogokidogo. Ni mwaka 2015 ndipo mapato yalipopita yale ya 2012. Kampuni changa isiyo na akiba isingefika huko.

JetBrains ya Prague, inayotengenezea waandishi wa programu zana zao, ilijaribu njia hiyohiyo Septemba 2015, wateja wakawaka. Ndani ya wiki chache ikaja na masharti mapya: ukilipa miezi 12 mfululizo, toleo ulilolikuta ulipoanza linabaki lako hata ukijitoa. Binafsi sijaona mwafaka bora kuliko huo.

Kabla ya kupanga bei, basi, angalia gharama inayokufuata baada ya mauzo. Programu ya kukokotoa kodi hubadilika kila bajeti inaposomwa, na anayeitumia anajua analipia nini. Programu ya kubana picha, isiyogusa seva yako hata mara moja, iuze.