Moto wa Dabshid na Hesabu ya Mvua

Enyi mama na dada zetu, mwaka wa Hijria huingia kwa Muharram, bila ngoma wala fataki. Kwa kuwa hufuata mwezi, hupungua kwa siku kama 11 kila mwaka wa jua. Mfugaji wa Garissa hawezi kungojea mvua za gu na deyr kwa hesabu hiyo. Hivyo wahenga wa Kisomali walishika pia mwaka wa jua wa siku 365, wakaufungua mwezi wa Julai kwa moto wa Dabshid, kama Makunduchi, Unguja, wachomavyo kibanda siku ya Mwaka Kogwa.

Kuamini kwamba moto huondoa nuksi tukuache. Mwenye kukinga ni Mwenyezi Mungu. Lakini hesabu ile ni elimu. Waulizeni bibi zenu wangali hai, msije mkazima moto na elimu pamoja.