Wenye maumivu ya kudumu wana haki katika nyumba zetu



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi yumo mtu anayeishi na maumivu yasiyokwisha: ya magoti, kiuno, mgongo au vidole. Mara nyingi ni mama au bibi. Halalamiki, kwani anachelea kuonekana mzigo. Sisi nasi humwambia, “Vumilia mama, subira ina malipo.” Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamwinui mtu kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Subira ni ibada ya mwenye maumivu; ibada ya wanaoishi naye ni kumpunguzia uzito.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na maradhi ya kulika kwa viungo, na goti ndilo linaloathirika zaidi. Gegedu, yaani ule utando telezi unaofunika ncha za mifupa, huchakaa, na kiungo huuma na kukakamaa. Hakuna dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi hayo, lakini mazoezi, kupunguza uzito wa mwili na vifaa vinavyofaa huleta nafuu kubwa.

Tuanze na chooni, mahali ambapo mgonjwa huona haya kuomba msaada. Kuchuchumaa hulikunja goti hadi mwisho. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya choo. Chuma cha kushikilia kikikazwa ukutani, mzee atainuka bila kumwita mtu. Hapo tumemhifadhia sitara yake pamoja na goti lake.

Jikoni, jiko la mkaa liinuliwe juu ya jukwaa la matofali, na mpishi apatiwe kiti kirefu badala ya kigoda. Mwenye vidole vinavyouma azungushiwe kitambaa kinene kwenye mpini wa kisu na mwiko, kwa kuwa mpini mnene hauhitaji kubanwa kwa nguvu. Bomba la kuzungusha libadilishwe kwa lile la kusukuma kwa mkono. Ndoo moja iliyojaa igawanywe katika vidumu vidogo, na ufagio ufungwe mpini mrefu.

Ama fimbo, wengi huionea aibu. Hali Nabii Musa (AS), kama tunavyosoma katika Sura Twaha, alimweleza Mola wake kuwa aliiegemea fimbo yake na kuangushia majani kwa ajili ya mifugo. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio kinyume na mguu unaouma: goti la kulia likiuma, fimbo iwe kushoto. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono mtu asimamapo wima na mkono ukining'inia. Mpira wa chini ukilika ubadilishwe, usije ukateleza sakafuni.

Chupa ya mpira ya maji moto nayo hulegeza misuli. Ifungwe kwa taulo, na mtu asilale nayo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu asiitumie miguuni, kwani huweza kuungua bila kujua.

Katika udhu, stuli mbele ya bomba na birika jepesi hupunguza kuinama. Aidha, sheria imeruhusu kupaka maji juu ya khofu zilizovaliwa baada ya kutawadha kikamilifu, kwa mchana na usiku mmoja kwa aliye mjini kwake. Ruhusa hii ni faraja kwa yule ambaye kuifikia miguu yake ni adhabu.

Wapo wazee wanaojilazimisha kusujudu huku machozi yakiwatoka, wakidhani swala ya kwenye kiti ina upungufu. Imamu Bukhari amepokea kwamba sahaba Imran bin Husayn (RA), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu swala. Alielekezwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Na asipoweza, kwa ubavu. Basi anayeweza kusimama asimame, na akishindwa kurukuu au kusujudu aashirie, sijida yake ikiwa chini zaidi ya rukuu. Kiti kiwe imara, kisicho na magurudumu, na nyayo zake zifike chini. Mwenye udhuru wa kweli hapungukiwi malipo.

Vifaa hivi havichukui nafasi ya tabibu. Kiungo kikivimba ghafla na kuwa chekundu pamoja na homa, au miguu ikifa ganzi na kukosa nguvu, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Ndugu msomaji, baada ya swala ya Ijumaa leo, zunguka nyumba pamoja na mzee wako. Muulize ni wapi anashika ukuta, ni kazi gani anaiogopa, na ni kitu gani ameacha kukifanya kwa sababu ya maumivu. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha cha kumwagiza fundi.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wepesi wa kuwahudumia. Amin.