Kumzoeza Mbwa Kutembea kwa Utulivu Akiwa Kambani

Malalamiko yahusuyo mbwa hayapungui kituoni petu. Katika mji kama Busia, ambao nusu yake ni Uganda na nusu ni Kenya, alfajiri barabara moja huwabeba wanafunzi, wachuuzi wa dagaa, baiskeli na pikipiki. Katikati yao hupita mtu na mbwa wake aliyefungwa waya shingoni. Mbwa amburura mtu, na mtu amburura mbwa. Watoto hukimbia, mbwa huwafukuza, na mwendesha pikipiki hukwepa pasipo nafasi ya kukwepea.

Wengi hudhani kwamba dawa yake ni fimbo. Wenzetu wanaowaongoza mbwa wa polisi wametufunza kinyume. Mbwa havuti kwa ukaidi. Mwendo wake wa asili ni wa kasi kuliko wetu, na kila avutapo akafika alikotaka, huwa amejifunza kwamba kuvuta kuna faida. Ukimvuta nyuma, naye hukaza mbele; aliyewahi kumpeleka mbuzi sokoni anaujua mchezo huo. Akipigwa, huanza kuiogopa kamba, na mbwa mwenye hofu asiyeweza kukimbia hung'ata.

Mafunzo yaanzie uani, penye kimya. Ondoa waya, umvishe ukanda mpana unaoacha nafasi ya vidole viwili shingoni, na kamba ya mita 2 hivi. Usiizungushe mkononi, kwani mbwa mkubwa akiruka ghafla aweza kukuvunja kidole. Mwache auzoee ukanda kwa siku kadhaa kabla ya kumwongoza.

Kisha tembea hatua chache. Akiwa kando ya goti lako na kamba imelegea, mpe papo hapo kipande cha dagaa, nawe umsifu kwa sauti ya upole. Akivuta, simama. Usimkemee wala usimvute; simama tu kama mti. Atashangaa, atageuka kukutazama, na kamba italegea. Hapo endelea na safari. Siku ya kwanza huenda msifike hata langoni, nasi twakiri kwamba jambo hilo huchosha. Lakini ukimwachia avute mara moja kwa kuwa una haraka, kazi ya wiki nzima hurudi nyuma. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zatosha, na umruhusu pia kunusanusa njiani, maana kwake hiyo ni tuzo sawa na dagaa.

Barabarani mtatoka baadaye, kwanza saa zisizo na msongamano. Akiikodolea macho pikipiki, ongeza umbali hadi atulie, ndipo umtuze. Mbwa mwenye nguvu asishikwe na mtoto. Tena wapo majirani, hasa Waislamu, wasiopenda kuguswa na mate ya mbwa. Fupisha kamba mnapopishana nao, au mvuke upande wa pili. Ni haki yao, na ugomvi mwingi unaoletwa kwetu ungeishia hapo.

Kamba peke yake haimkingi mtu na kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Ndiyo maana twasisitiza chanjo kabla mbwa hajaanza kutembezwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, kisha atoe taarifa kituoni ili mbwa achunguzwe. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Na anayekusudia kumvusha mbwa mpaka, hata kama amtembelea ndugu ng'ambo kwa siku moja tu, afike kwanza kwa daktari wa mifugo akiwa na kadi ya chanjo, apatiwe kibali. Mbwa aliyekwisha kuzoea kamba hungoja foleni hiyo akiwa amelala miguuni pa mwenyewe.