Makosa ya kusoma CD na DVD

Makosa ya kusoma diski ni hali ambapo kompyuta inashindwa kupata data iliyomo kwenye CD, VCD au DVD wakati wa kuihamishia kwenye diski kuu au flashi. Kunakili hukwama kwenye asilimia fulani, kisomaji hunguruma bila kuendelea, kisha Windows hutoa ujumbe wa "cyclic redundancy check" au Linux ule wa "Input/output error".

Mkoani Dodoma, kama kwingineko Tanzania, video za harusi, kipaimara na kwaya zilikabidhiwa kwa wenyewe kwenye diski za kuchoma kwa miaka mingi. Albamu iliyochapwa kiwandani, kwa mfano Chibite (1996) ya mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, ikiharibika yaweza kutafutwa nakala nyingine. Diski ya harusi mara nyingi ni hiyo hiyo moja.

Sababu

Leza husoma alama ndogo kupitia plastiki inayong'aa. Kwenye CD, yenye unene wa milimita 1.2, tabaka la data liko juu kabisa, chini tu ya lebo. Kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa lebo ndio mbaya zaidi, ingawa watu wengi huogopa ule wa chini: wa juu hubandua data yenyewe, wa chini hupotosha tu mwanga. DVD ina data katikati ya mabamba mawili ya milimita 0.6, hivyo lebo yake si dhaifu kiasi hicho. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski hudhuru kuliko unaotoka katikati kwenda ukingoni, kwa sababu hufunika data nyingi mfululizo.

Diski za kuchoma huhifadhi data kwenye rangi ya kemikali, nayo hufifia kwa joto na jua. Diski iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari inaweza kuharibika bila kuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Tena si lazima kosa liwe la diski. Dodoma ni nyanda kavu, na kiangazi chake huanza mnamo Mei hadi Novemba. Vumbi lake huingia hadi kwenye lenzi ya kisomaji. Kama diski nyingine iliyo nzima nayo inakwama, tatizo ni kisomaji. Kisomaji cha nje kinachotumia USB huweza pia kukosa umeme wa kutosha. Kichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyishi.

Kuokoa data

Diski husafishwa kwa maji safi na kitambaa laini cha pamba, ikifutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Dawa ya meno, inayosifiwa sana mitaani, kwa kweli ni msasa laini: inaweza kupunguza mkwaruzo mdogo wa chini, lakini pia huongeza mingine. Ni ya mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine kushindwa.

Kisha diski ijaribiwe kwenye kisomaji kingine, kwani lenzi hutofautiana na diski inayokataa kwenye mashine moja mara nyingi husomeka kwenye nyingine. Kupunguza kasi ya kusoma husaidia pia.

Kunakili faili kwa kuziburuta hakufai kwa diski mbovu, kwa sababu mfumo husimama kwenye kosa la kwanza na kuacha hata sehemu zilizo nzima. Programu huria ya ddrescue huruka sehemu mbovu, huchukua kwanza zilizo nzima, halafu hurudia zilizobaki:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Faili ya "map" hukumbuka kilichosomwa. Umeme ukikatika, kazi huendelea ilipoishia, na diski yaweza hata kuhamishiwa kwenye kisomaji kingine ili kijaze mapengo. Video yenye sekta chache zilizokosekana kwa kawaida huruka kidogo tu.

Makosa yasiyo ya mikwaruzo

DVD ambayo kamera au rekoda haikuifunga baada ya kurekodi huonekana tupu kwenye kompyuta. Ifungwe kwa mashine iliyoirekodi, au isomwe kwa programu kama IsoBuster. Filamu za kiwandani nazo zina kufuli ya CSS, na kunakili kwa kawaida hukwama hata kama diski ni mpya.

VCD ina shida yake. Sekta zake za video hubeba baiti 2324 badala ya 2048, kwa kuacha sehemu ya ziada ya kusahihisha makosa. Ndiyo maana faili AVSEQ01.DAT, iliyo ndani ya folda ya MPEGAV, hutoa kosa kwenye Linux hata diski ikiwa safi. ddrescue kwa amri za hapo juu haifai hapa. Hutumika vcdxrip, iliyomo katika VCDImager, ambayo huitoa video ikiwa faili ya MPEG.