Wawili Wakiachana, Nani Atamnywesha Mbuzi?

Ndugu zetu katika imani, sisi wa mwambao tukisikia mnyama wa nyumbani, fikira hutwenda kwa paka aliyelala barazani. Paka wa Mombasa au Lamu, wenyewe wakiachana, hakosi jirani wa kumtupia kichwa cha samaki. Huko Eldas, katika kaunti ya Wajir, mambo si mepesi hivyo. Wanyama wa nyumbani ni mbuzi wa maziwa na ngamia. Wakati wa ukame maji yako kisimani, na asiyekuwa na mtu wa kumtekea haponi.

Ugomvi huanzia kwenye chapa. Ngamia huweza kuwa na chapa ya ukoo wa mume, hali mke ndiye aliyempata kwa mahari au kwa zawadi ya babake. Miaka hupita, ngamia huzaa, na siku ya talaka mume huonyesha chapa kana kwamba ni hati. Sheria yetu haikubali. Aya ya 4 ya Suratun Nisaa imeamuru wanawake wapewe mahari yao. Na aliye wake ni wake pamoja na ndama wake. Chapa ni ya kumzuia mwizi, si ya kumvua mke mali yake. Twawanasihi mawalii waandike mnyama gani ni wa nani siku ya nikaha, mashahidi wangali wamekaa. Wakishindwana, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimempa kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye.

Lakini mbuzi hangoji hukumu. Kila mmoja humwachia mwenziwe: si umesema ni wako, basi mnyweshe! Mafakihi wa Kishafi wamesema mwenye mnyama hulazimishwa kumlisha, au kumwuza, au kumchinja akiwa wa kuliwa. Na sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie. Paka mmoja tu!

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu, bara na pwani, tumelipuuza. Katika talaka rejea mke hafukuzwi. Suratut Talaq yamtaka akae nyumbani hadi eda iishe, na nafaka ni juu ya mume. Akikaa, mbuzi hukamwa jioni ile ile na mkono ule ule walioujua, na watoto hulala wameshiba maziwa.